Wageni wa Baba

Jamaa zetu waliokuja Nairobi kutoka Maragoli walikuwa na haja zao, na haja hizo tulizijua kabla hawajafungua mdomo. Walitaka kupanda lifti ya jengo la KICC. Walitaka kupigwa picha Uhuru Park, maji na mashua yakionekana nyuma yao. Baba hakuwanyima. Lakini alikuwa na sharti lake: kabla ya kushuka mjini, mgeni azungushwe kwanza pale alipofanyia kazi, Spring Valley, akajulishwe kwa wenyeji. Mgeni alidhani wenyeji ni mabwana wa zile nyumba kubwa, akaanza kunyoosha kola. Kumbe Baba alikuwa na maana ya vinyonga, kwarara, kima na shorobo.

Baba alikuwa mtunza bustani. Shamba boi, kama walivyoitwa wote wa kazi ile hata wakiwa na wajukuu. Mwajiri wake alikuwa daktari wa mifugo kutoka Denmark, mtafiti katika maabara ya ILRAD kule Kabete, ambayo ilianzishwa mwaka 1973 kuchunguza magonjwa ya ng'ombe, hasa ndigana na nagana. Tuliishi nyuma ya nyumba yake, katika vyumba viwili vya wafanyakazi, tangu mwishoni mwa miaka ya themanini hadi nilipomaliza shule ya upili. Hati ya kiwanja ilikuwa na jina la mtu mwingine na kodi ililipwa na shirika. Ila pale ndipo palipokuwa nyumbani kwangu, na aliyepajua kila shina na kila shimo alikuwa Baba.

Ukitoka katikati ya jiji ukapita Westlands, unaingia barabara ya Lower Kabete, na mkono wa kulia ardhi inaanza kukunjana. Kuna mgongo wa udongo mwekundu, kisha bonde lenye kijito, kisha mgongo mwingine. Huko ndiko Spring Valley, kati ya Lower Kabete na barabara ya Peponi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Julai kunakuwa na baridi ya kuvaa sweta mbili, na ukungu hauondoki hadi saa nne. Enzi zile, ukiendelea kupanda kuelekea Kitisuru na Loresho ulikuta mashamba ya kahawa. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, mibuni ilichanua yote kwa mpigo, maua meupe matupu, na harufu yake ikashuka na upepo hadi kwenye vyumba vyetu. Mama alifungua dirisha makusudi.

Kuta za mawe hazikuwa nyingi. Nyumba zilizungushiwa ua wa kayaba, mti wenye miiba mirefu uliotoka kusini mwa Afrika, na matunda yake ni ya manjano, machachu mpaka unafumba macho. Kayaba ikikatwa vizuri kila mwezi hushonana kiasi kwamba hata kuku hapiti. Baba aliikata kwa makasi makubwa ya mikono miwili, na kwa sababu aliikata kwa mkono, polepole, aliona kilichokuwa ndani yake. Ndiyo maana ziara yake ilianzia hapo.

Ndani ya ule ua waliishi vinyonga wenye pembe tatu. Dume ana pembe moja puani na mbili juu ya macho, ngumu na zenye mikunjo, na akikutana na dume mwenzake kwenye tawi husukumana kwa pembe hizo mpaka mmoja aanguke. Jike ana pembe fupi tu, au hana. Usiku wa kuamkia ziara Baba alitoka na tochi, maana kinyonga akilala rangi yake hupauka, naye hung'aa gizani juu ya majani. Alikariri tawi. Asubuhi na mapema kinyonga bado yupo palepale, sasa amekuwa mweusi, ubavu ameuelekeza kwenye jua ili apate joto. Basi Baba alimfikisha mgeni mpaka kwenye lile tawi, akasimama, akamwambia, "Tazama. Usiniulize wapi."

Wengi hawakuona kitu kwa muda mrefu. Wakishaona walirudi nyuma. Kwa watu wengi wa makabila yetu kinyonga ana deni la kale: yeye ndiye aliyetumwa na Mungu awaambie binadamu kwamba hawatakufa, akatembea kwa kusitasita, na aliyemfuata kwa mbio akafika kwanza na habari ya kifo. Shangazi yangu mmoja, dada mkubwa wa Baba, alikataa katakata kukaribia ua. Alisimama kwenye kibaraza cha jikoni, akaifunga leso kiunoni mara ya pili, akasema hakusafiri usiku kucha kutoka Mbale kuja kuonyeshwa mkosi. Baba alimchukua kinyonga yule kwenye mkono wa koti lake la kazi, akampelekea. Akamwonyesha jinsi vidole vyake vilivyogawanyika mafungu mawili na kulishika tawi, na jinsi jicho moja lilivyomtazama shangazi huku jingine likimfuata nzi. "Dada," akamwambia, "huyu huzaa watoto wakiwa hai, hatagi mayai. Watoto wanashuka matawini siku hiyohiyo, kila mmoja anashika njia yake. Mimi nimeona." Shangazi hakumgusa. Lakini alikaa chini kwenye ngazi, akatazama mpaka chai ikapoa, na aliporudi Maragoli hiyo ndiyo habari aliyowapa watu, KICC ikafuata baadaye.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kwamba Baba alikuwa na watangulizi pande hizo. Kilomita chache kutoka kwenye ua ule, katika misheni ya Waanglikana ya Kabete, alizaliwa Louis Leakey mwaka 1903. Kabla hajawa mchimbaji mashuhuri wa mabaki ya watu wa kale, alikuwa mtoto aliyezungumza Kikuyu na kuwinda ndege na mayai yao katika mabonde yaleyale. Aliyempa moyo alikuwa Arthur Loveridge, msimamizi wa jumba dogo la makumbusho la Nairobi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na Loveridge huyo aliishia Chuo Kikuu cha Harvard akiwa bingwa wa watambaazi wa Afrika Mashariki. Na vinyonga wa pembe tatu wenyewe wamesafiri kuliko ukoo wetu wote. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama huko Hawaii aliagiza baadhi yao kutoka Kenya. Waliachiliwa bustanini wajirudishie afya, wakatawanyika, na leo wamejaa kwenye misitu ya visiwa vile wakila wadudu na konokono wa huko. Nilipomsimulia Baba, aliuliza jambo moja tu: kama huko nako kuna kayaba.

Kutoka kwenye ua aliwapeleka kwenye nyasi. Mtu wa mashambani hashangazwi na nyasi, lakini nyasi zile zilikuwa uwanja wa vita kati ya Baba na fuko. Fuko wa Nairobi ni panya mnene wa chini ya ardhi mwenye meno ya rangi ya chungwa yanayotokeza nje hata akifumba mdomo. Usiku mmoja anaweza kuinua vichuguu sita vya udongo mwekundu katikati ya nyasi zilizokatwa jana. Wenzake Baba katika mtaa waliwamwagia maji ya moto, wengine wakatega mitego ya waya na kijiti. Baba alizoa ule udongo kwa kijiko kikubwa, akautia kwenye vyungu vya maua, akisema fuko anamchekechea udongo laini kuliko ule wa kununua. Kwarara nao walikuwa wafanyakazi wake. Walitua wawili au watatu alfajiri, ndege wa kahawia wenye mng'ao wa kijani mabegani, wakadunga midomo yao mirefu iliyopinda kwenye nyasi na kutoa mabuu mmoja baada ya mwingine. Kabla ya kutua walipita juu ya paa wakipiga ukelele wao, na mtaa mzima ukajua ni saa kumi na mbili kasoro. Wageni walishtuka usingizini. Sisi watoto tulipenda kumtazama mgeni akishtuka.

Mgeni aliyebahatika kuja Aprili, mvua za masika zinapoanza, alipata kitu kingine. Jioni baada ya mvua kubwa, kumbikumbi walitoka ardhini kwa maelfu na kukimbilia taa za ulinzi za majumba. Taa hizo ziliwekwa kwa ajili ya wezi, lakini usiku ule zilikuwa mali yetu. Tuliweka karai la maji chini ya taa, kumbikumbi wakaanguka ndani, mbawa zikabaki juu. Soja wa lango la jirani, mzee kutoka Kitui, alileta ndoo yake. Mpishi wa nyumba ya pili, mtu wa Siaya, alileta sufuria. Mama aliwakaanga bila mafuta, wakatoa mafuta yao wenyewe, akatia chumvi. Kwa Mmaragoli hakuna chakula kinachokukumbusha kwenu zaidi ya hicho, na nilimwona mjomba wangu, mtu mzima aliyekuja Nairobi kutafuta kazi akaikosa, akila kumbikumbi wa Spring Valley huku akicheka peke yake kwa furaha.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 kuingia 1998 zilileta wageni wasiotakiwa. Baada yake Nairobi ilijaa wale wadudu wadogo wekundu kwa weusi wanaoitwa Nairobi flai, ambao si nzi hata kidogo bali ni mbawakawa. Hawaumi wala hawachomi, lakini ukimponda kwenye ngozi maji yake yanaunguza mpaka malengelenge. Shuleni darasa zima lilikuwa na alama shingoni. Baba alitufundisha kumpuliza badala ya kumpiga, na kuzima taa ya nje mapema. Kwa muda huo alikataa mgeni yeyote.

Usiku wa kawaida ulikuwa wa komba. Mlio wake ni wa mtoto mchanga aliyeachwa peke yake, na mgeni asiyeujua huamka kutafuta aliyemtupa mtoto. Komba wetu waliishi kwenye mikalitusi na miti ya mikinduri kando ya kijito, wakashuka kwenye mapera ya Baba wakati watu wamelala. Nilipofika darasa la sita nilijiunga na Klabu za Wanyamapori za Kenya, zilizoanza mwaka 1968 kwa juhudi za wanafunzi na walimu wao, na jarida lao nalo liliitwa *Komba*. Nikalisoma kwa sauti, Baba akasikiliza akinoa panga. Alifurahi kwamba watu wenye ofisi na mashine ya kuchapa walikuwa wakifikiria mambo aliyoyafikiria yeye. Sidhani kama kuna siku nyingine nilimwona akijisikia kuwa na wenzake wengi kiasi kile.

Baada ya nyasi, Baba aliwateremsha wageni bondeni. Kijito cha huko kinaingia mto Gitathuru, unaopita mabonde haya kuelekea Muthaiga, ukaungana na maji ya Mathare na baadaye Mto Nairobi. Maji hayo hayaishii hapo; yanaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Baba aliupenda mfuatano huo. Alimwambia mgeni atupe jani majini, kisha akamsimulia litakapopita, mji kwa mji, mpaka pwani ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona.

Hapo bondeni, kwenye miti mirefu, ndipo walipokuwa shorobo. Wataalamu wanamwita shorobo huyu kwa jina la Hartlaub, na nje ya nyanda za juu za Kenya na milima ya kaskazini mwa Tanzania ni adimu kumpata. Akiwa ametulia tawini ni wa kijani na buluu nzito, huwezi kumtenga na majani. Mpaka aruke. Akifungua mbawa, ndani yake kuna wekundu usiotarajiwa kabisa, wekundu unaotokana na shaba halisi iliyomo kwenye rangi ya manyoya yake. Anaruka kutoka mti hadi mti kwa muda mfupi, kisha anakimbia juu ya matawi kwa miguu. Baba hakumwonyesha kwa kidole. Alimweka mgeni mahali, akamwambia asubiri. Kwa maoni yangu hapo palikuwa kilele cha ziara yote, na hata leo, nikiwa nimetazama simba Maasai Mara na flamingo Nakuru, nikiulizwa kitu kizuri kuliko vyote nilichokiona katika nchi hii, nitataja ule wekundu unaofunguka juu ya Gitathuru na kufungika tena.

Swali la wageni lilikuwa lilelile: hawa ndege ni wa nani? Walikuwa wameona malango, mbwa, bango la kampuni ya ulinzi kila nyumba, wakadhani hata ndege wamesajiliwa. Baba akajibu, "Shorobo hana ploti." Akaeleza kwamba bustani zote zile, kijito, mashamba ya kahawa na msitu wa Karura ni nchi moja kwa mnyama. Pongo anayelala Karura anaweza kula maua ya Kitisuru usiku. Kanu na nungunungu wanatumia mabomba ya maji ya mvua kupita chini ya barabara. Nguchiro wanapenya ua wa balozi na wa shamba boi bila kubadilisha mwendo.

Kwa hiyo habari za Karura zilipoanza kutoka, mwishoni mwa mwaka 1998, kwamba vipande vya msitu huo uliotangazwa hifadhi tangu 1932 vimegawiwa watu binafsi na tingatinga limekwisha ingia, Baba alizichukua kuwa habari za bustani yake. Kila jioni redio ya KBC ilikuwa wazi. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda miti kwenye msitu huo, wakashambuliwa na kundi la vijana waliokodiwa, naye akapigwa kichwani mpaka akatoka damu. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana, jiji likanuka moshi wa kutoa machozi siku kadhaa. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Baba hakuwa mtu wa maandamano; alikuwa na ajira ya kulinda na watoto wa kusomesha. Lakini alichukua miche ya mikinduri na mihugu aliyokuwa ameotesha nyuma ya vyumba vyetu, akaipanda kando ya kijito, Jumapili baada ya Jumapili. Agosti mwaka huohuo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Baba alikuwa akimwagilia. Alisimamisha maji, akatuambia tuje tusikilize tangazo pamoja naye.

Baada ya bonde, wageni walikuwa wamechoka, na mji ulikuwa bado. Hapo Baba aliharakisha. Tulishuka kwa matatu za 118 hadi Westlands, akawapitisha kwenye mugumo mkubwa kando ya barabara ya Waiyaki, akainua kichwa kusikiliza ni ndege gani wanaokula tini zake leo. Mti huo ulikuwa wa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2020, barabara ya juu kwa juu ilipokuwa ikijengwa, ulikuwa kwenye orodha ya kuondolewa. Watu walipiga kelele, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uhifadhiwe. Bado upo.

City Park kule Parklands ilikuwa ya watoto. Kima wake, wenye mkufu mweupe shingoni, wamezoea watu kiasi cha kupanda begani kuchukua njugu, na hapakuwa na mgeni aliyetoka pale bila hadithi. Baba aliwapitisha pia kwenye makaburi ya bustani hiyo, alikolala mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi Februari 1965. Na baada ya 1990, karibu yake akalala pia Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais. Bustani ya miti ya Arboretum tuliipita kwa haraka, ingawa Baba angeweza kukaa humo juma zima; ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni inayokua upesi, kwa kuwa reli ilikuwa na njaa ya kuni. Oktoba tulipita chini ya mijakaranda, njia zote zambarau, na kila mwanafunzi wa Nairobi anajua rangi hiyo maana yake ni mtihani wa taifa umekaribia.

Makumbusho hatukuyapita haraka. Uani imesimama sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri Ahmed alindwe usiku na mchana, akalindwa na walinzi wenye bunduki mpaka alipokufa kwa uzee mwaka 1974. Baba alisimulia kisa hicho kwa heshima kubwa, kwani kilimthibitishia kwamba serikali ikiamua kumlinda mnyama mmoja inaweza. Mgeni alipewa nafasi ya kusimama chini ya zile pembe na kupiga picha. Kisha, jua likishuka, ndipo KICC. Jengo la ghorofa 28 lililokamilika mwaka 1973, lifti, masikio kuziba. Juu kabisa kila mgeni alitafuta upande wa kwao. Baba alitafuta upande wa kaskazini-magharibi, akanyoosha mkono kwenye ule weusi wa miti baada ya Westlands: "Kule ndiko tulikotoka asubuhi."

Siku hizi weusi huo una mapengo. Nyumba tuliyokaa ilibomolewa, na kiwanjani pake kuna fleti zenye maegesho chini ya ardhi. Kayaba iling'olewa kwa tingatinga ukajengwa ukuta wa mawe wenye waya wa umeme. Nimeuzunguka ukuta huo kwa miguu. Sina neno jema la kuusema: vinyonga hawaishi kwenye mawe, na kwarara hawadungi midomo kwenye lami. Wanaonunua fleti hizo huvutiwa na picha za miti kwenye matangazo, na mingi ya miti hiyo imeanguka kabla hawajahamia. Ningetaka mtu mwenye mamlaka ya kupitisha ramani za majengo aende akakae bondeni saa moja tu, kimya, kabla ya kutia sahihi.

Karura lakini imeokoka. Tangu wananchi walipoungana na idara ya misitu na kuizungushia ua mwaka 2010, watu wanaingia kwa maelfu, na sehemu ya Sigiria iko jirani kabisa na mitaa yetu. Hondohondo wakubwa wenye mashavu ya fedha, ambao utotoni sikuwaona, sasa wanaruka juu ya Spring Valley kwa kishindo cha mbawa unachokisikia ukiwa ndani ya nyumba. Na kuanzia mwaka 2014 mbega walirudishwa msituni, wakihamishwa kutoka Kipipiri walikokuwa wakigombana na wakulima.

Baba alistaafu akarudi Maragoli. Alipokuja kututembelea likizo iliyopita ya Agosti, mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji na yeye mgeni, na nikampeleka Karura. Alilipa kiingilio chake mwenyewe, hakutaka nimlipie. Mbega aliwatambua upesi, maana wapo msitu wa Kakamega. Aliwasalimu kwa Kimaragoli. Karibu na daraja tulikuta watoto wa shule wakiwa na mwalimu wao, wote wameinua nyuso kwenye mti mmoja, wakibishana kama kuna kitu au hakuna. Baba aliwasikiliza kidogo. Akawaambia wamekosea mti, akawasogeza hatua chache kushoto, akawataka wasubiri bila kunyoosha vidole. Shorobo akaruka. Mwalimu akamuuliza kama anafanya kazi hapa.

"Nilifanya kule juu," Baba akasema, akielekeza Spring Valley. "Hawa ni wale wale."

Mwalimu akamwomba aende nao hadi kwenye maporomoko. Baba akanipa koti lake nilishike, akauliza nani kati ya watoto anajua maji ya mto huu yanaishia wapi, na walipokosa kujibu akawaambia kila mmoja aokote jani.